Lundo, Mali na Mstari: Njia za Kukisaka Kisichojulikana

Binti wa dada yangu yuko Kidato cha Pili. Jioni moja aliniletea daftari lake la hesabu, akaketi mkabala nami mezani, akanyoosha kidole kwenye swali la kwanza. "Mjomba, hii x ni nini hasa?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake, kwamba x ni herufi inayosimama badala ya namba tusiyoijua. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kama hatuijui, tunaanzaje kuihesabu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nilifurahi kwamba sikuwa nalo. Watu wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 3,500, katika Misri, Mesopotamia, Uchina, India, Baghdad na Ulaya, na majibu yao hayafanani. Wote wanafika kwenye namba ileile. Wanachotofautiana ni kile wanachokishika mkononi wakiwa njiani. Naamini kwamba mtoto akionyeshwa hizo tofauti, mlinganyo unaacha kuwa mtego na unakuwa sentensi inayosomeka.

Tuanze na swali lenyewe. Zoezi la mpwa wangu lilihusu mchango, jambo ambalo kila kaya ya kwetu inalifahamu. Lilikuwa na sura moja na swali la kitabu cha kale cha Kichina, kwa hiyo nitatumia tarakimu za kitabu hicho. Watu wanachanga kununua kitu. Kila mmoja akitoa 8, fedha zinazidi kwa 3. Kila mmoja akitoa 7, zinapungua kwa 4. Watu ni wangapi, na bei ni kiasi gani?

Kabla ya kwenda Uchina, tupite Misri. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani aitwaye Ahmes alinakili kwenye mafunjo mkusanyiko wa maswali yaliyokuwa ya zamani hata kwake. Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua mafunjo hayo Luxor mwaka 1858, na leo yamo katika British Museum, London. Katika maswali hayo, kisichojulikana huitwa kwa neno lenye maana ya lundo. Swali la 26 linasema: lundo likijumlishwa na robo yake, jumla ni 15.

Karani hasemi "tuseme lundo ni x". Anachukua namba yoyote inayofaa na kujifanya ndiyo jibu. Anachagua 4, kwa sababu robo ya 4 ni namba nzima. Nne na robo yake ni 5. Lakini tulitaka 15, ambayo ni 5 mara tatu. Basi dhana yetu ilikuwa ndogo mara tatu, na lundo ni 4 mara 3, yaani 12. Ukihakiki, 12 na 3 ni 15.

Kuna ujasiri katika njia hii ambao shule zetu zimeupoteza. Mtoto wa leo akikosea anafuta kwa kifutio, ilhali karani wa Misri alikosea kwa makusudi na kosa lenyewe likamwonyesha njia. Hata hivyo njia yake ina mpaka. Inafaa pale tu ambapo dhana ikizidishwa mara mbili na matokeo nayo yanazidi mara mbili. Ijaribu kwenye mchango wetu. Ukidhani watu ni 5, bei kwa hesabu ya kwanza ni 37 na kwa hesabu ya pili ni 39. Zinatofautiana kwa 2. Ukidhani ni 10, bei ni 77 na 74, zinatofautiana kwa 3, tena sasa hesabu ya kwanza ndiyo iliyo juu. Ile 3 iliyozidi na ile 4 iliyopungua hazikui pamoja na watu, kwa hiyo dhana moja haitoshi.

Wachina walijibu kwa dhana mbili. Kitabu chao kinachojulikana kama Sura Tisa za Hesabu kilikusanywa enzi za ukoo wa Han, na mwaka 263 Liu Hui akakiandikia ufafanuzi uliokipa uhai mpya. Sura ya saba inahusu ziada na upungufu, na mchango wetu umetoka humo. Kanuni yake ni ya msalaba: zidisha 8 kwa upungufu 4, upate 32; zidisha 7 kwa ziada 3, upate 21; jumlisha, upate 53. Kisha jumlisha ziada na upungufu, upate 7. Gawanya zote mbili kwa tofauti ya michango, ambayo ni 1. Bei ni 53, watu ni 7.

Ukiikariri kanuni hiyo bila kuielewa, ni uchawi. Ukiisikiliza, ni maneno ya mweka hazina wa kamati. Tulipotoa 7 kila mtu, tulipungukiwa 4. Tulipotoa 8, tulizidisha 3. Kwa hiyo nyongeza ile ya shilingi moja kwa kila kichwa ilileta jumla ya 7. Kila kichwa kilileta moja, basi vichwa ni saba. Hakuna herufi hata moja katika maelezo hayo, na hakuna kilichokosekana.

Sura ya nane inakwenda mbali zaidi. Humo kuna maswali ya visivyojulikana viwili, vitatu na zaidi kwa pamoja. La kwanza linahusu matita ya nafaka. Matita matatu ya daraja la juu, mawili ya kati na moja la chini hutoa vipimo 39. Mawili, matatu na moja hutoa 34. Moja, mawili na matatu hutoa 26. Mhesabuji alipanga vijiti kwenye ubao, kila sharti safu yake, kisha akazidisha na kutoa safu kwa safu hadi kikabaki kisichojulikana kimoja peke yake. Vijiti vyekundu viliwakilisha namba chanya, vyeusi namba hasi. Utaratibu huo leo vyuo vikuu huufundisha kwa jina la Mjerumani Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777.

Hapa x haikuwa na jina kabisa. Kijiti kikiwa katika mstari wa juu wa ubao, kilihesabu matita ya daraja la juu; kikiwa chini yake, matita ya kati. Nafasi ndiyo iliyokuwa jina. Faida yake ni kasi na usahihi, kwani mkono unafanya kazi bila ulimi kuchoka. Hasara yake ni kwamba vijiti vikishakusanywa, kilichobaki ni jibu tu. Njia iliyopitiwa haionekani tena, na mwanafunzi aliyechelewa kufika hana cha kusoma.

Wahindi waliupa ulimi kazi ambayo Wachina waliipa mikono. Vitabu vyao vya hesabu viliandikwa kwa beti ili vikae kichwani, jambo ambalo sisi tuliolelewa na tenzi tunalielewa bila kuambiwa. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za namba hasi na chanya kwa lugha ya fedha: namba chanya ni utajiri, namba hasi ni deni. Deni likiongezwa juu ya deni ni deni. Deni likitolewa kwenye sifuri ni utajiri. Deni likizidishwa kwa deni ni utajiri. Watoto wetu hukariri kwamba hasi mara hasi ni chanya, na wengi hawajui kwamba kanuni hiyo ilianza na kitu wanachokijua vizuri, yaani mtu kufutiwa madeni.

Bhaskara, aliyeandika mwaka 1150, aliviita visivyojulikana kwa majina ya rangi: baada ya kile cha kwanza, vilivyofuata vikaitwa cheusi, cha buluu, cha manjano, chekundu. Kitabu chake Lilavati kinamsemesha msichana, na maswali yake yana nyuki na maua. Moja linauliza idadi ya nyuki ambao sehemu yao ya tano imetua kwenye ua moja, theluthi kwenye ua jingine, tofauti ya makundi hayo mara tatu kwenye ua la tatu, na mmoja amebaki akirukaruka hewani. Jibu ni 15: watatu, watano, sita na yule mmoja. Hesabu hii yaweza kumalizwa kwa njia ya Ahmes, lakini hapa mwanafunzi anabembelezwa aitamani. Sioni kwamba hilo ni pambo tu. Mtoto anayetaka kujua yule nyuki mmoja ataishia wapi hahitaji kulazimishwa kufungua daftari.

Sasa Baghdad, ambako msomaji wa Kiswahili anapaswa kutega sikio. Katika utawala wa khalifa al-Ma'mun, kati ya mwaka 813 na 833, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika kitabu hicho namba ya mraba inaitwa māl. Ndiyo, ni mali, neno letu lilelile. Sifuri, hesabu, sawa, nusu, robo na thumuni zilitufikia kutoka lugha hiyohiyo. Muqabala ni ndugu wa "mkabala" tunayoitumia kumwelekeza mgeni nyumba iliyo mkabala na msikiti. Al-jabr ni kuunga na kurejesha, kama afanyavyo muunga mifupa.

Tazama hatua hizo mbili zinavyomaliza mchango wetu. Watu tuwaite kitu. Bei ni vitu vinane kasoro 3. Bei hiyohiyo ni vitu saba na 4. Upande wa kwanza umevunjika, una kasoro. Uunge kwa kuongeza 3, na upande wa pili uongeze 3 ili haki itendeke. Sasa vitu vinane ni sawa na vitu saba na 7. Hiyo ndiyo jabr. Kisha ziweke pande mbili mkabala, na vinavyofanana viondoke pamoja: vitu saba huku, vitu saba kule. Kinabaki kitu kimoja, sawa na 7. Hiyo ndiyo muqabala. Shuleni tunaambiwa "hamisha upande, badilisha alama", na mtoto anaona alama zikigeuka kama mazingaombwe. Hakuna kinachohama wala kugeuka. Kilichovunjika kimeungwa, vilivyofanana vimeondolewa pande zote mbili.

Al-Khwarizmi hakuandika kwa kujifurahisha. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni wasia na mirathi, hesabu ambazo mahakama za kadhi za Zanzibar na pwani ya Kenya bado zinazifanya. Mtu akifa akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja, mke ana thumuni, na saba za nane zilizobaki zinagawanywa, mwana akipata mara mbili ya binti. Fungu la binti likiwa kitu kimoja, la mwana ni viwili, na vitu vitatu ni saba za nane. Basi kitu kimoja ni 7 katika mafungu 24. Mke ana 3, binti 7, mwana 14. Anayeligawa shamba la minazi kwa haki ametatua mlinganyo, hata kama hajawahi kuandika x.

Mahali pengine al-Khwarizmi anafanana na waliomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili katika nchi ileile ya mito miwili, na ulinganisho huo una funzo. Kibao cha udongo cha Babeli kilicho British Museum kwa namba 13901 kinauliza: eneo la mraba na upande wake vikijumlishwa ni robo tatu, upande ni kiasi gani? Mwandishi anachukua 1, anaigawa nusu, anaizidisha nusu kwa nusu apate robo, anaiongeza kwenye robo tatu apate 1, anatafuta kipeuo chake, kisha anatoa ile nusu. Upande ni nusu. Hatua zimeorodheshwa bila sababu. Mtafiti wa Denmark, Jens Høyrup, alionyesha kwamba nyuma ya hatua hizo kuna mchoro: vipande vya shamba vinavyokatwa na kuhamishwa hadi vikamilishe mraba.

Al-Khwarizmi anauchora mchoro wake waziwazi. Swali lake maarufu linasema mali moja na mizizi kumi, yaani mraba na pande zake kumi, ni sawa na 39. Chora mraba ambao hujui upande wake. Pembeni mwake bandika mstatili wenye upana wa 5, na chini yake mwingine wa 5. Hiyo ndiyo mizizi kumi. Umbo lote lina eneo la 39, ila kona moja iko wazi, nayo ni mraba wa 5 kwa 5. Ijaze kwa 25. Sasa una mraba kamili wa 64, wenye upande wa 8. Toa 5, kinabaki 3. Mpwa wangu aliwahi kufundishwa "kukamilisha mraba" kama fomula, na hakuambiwa kuna mraba wowote wa kukamilishwa. Nilipomchorea kona ile iliyo wazi, alichukua penseli akaijaza mwenyewe kabla sijamaliza kusema.

Lakini mraba huo wa Baghdad haukuweza kuonyesha kwamba kuna jibu la pili. Hasi 13 nayo inatimiza sharti, kwani mali yake ni 169, na mizizi kumi ni deni la 130. Hakuna shamba lenye upande wa deni, kwa hiyo aliyefikiri kwa mashamba hakuliona. Kwa sababu hiyohiyo al-Khwarizmi alilazimika kuigawa milinganyo katika aina sita, kila moja na kanuni yake, ilhali sisi tuna kanuni moja kwa zote. Kitu unachokishika mkononi kinakusaidia kuona, na kina mipaka ya kile kinachoweza kukuonyesha.

Herufi ndizo zilizoivunja mipaka hiyo. Mfaransa François Viète, mwaka 1591, aliweka herufi kwa vinavyojulikana na kwa visivyojulikana pia. Mwaka 1637, mjini Leiden, René Descartes alichapisha kazi yake ya jiometri na kutupa desturi tuliyonayo: a, b, c kwa vinavyojulikana, x, y, z kwa visivyojulikana. Pierre de Fermat alikuwa amefika mahali hapohapo kwa njia yake, ingawa andiko lake lilichapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. Descartes alianza na mchirizo, yaani mstari uliopinda, akautafutia mlinganyo. Fermat alianza na mlinganyo akauona mchirizo. Jiometri ya majira ya nukta ilizaliwa hapo, ijapokuwa ile mihimili miwili yenye mishale tunayochora leo ilikamilishwa na waliowafuata.

Wazo la kutaja mahali kwa namba mbili lilikuwa la zamani. Katika karne ya pili Ptolemy wa Alexandria aliorodhesha miji ya dunia aliyoijua kwa nyuzi za longitudo na latitudo, na katika orodha hiyo imo Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu. Al-Khwarizmi mwenyewe aliandika kitabu cha sura ya dunia chenye majira ya zaidi ya mahali 2,400. Mtu yuleyule alikuwa na mlinganyo katika kitabu kimoja na majira katika kingine, na vitabu hivyo havikukutana kwa miaka 800. Kwa manahodha wa majahazi, majira yalikuwa pia njia ya chombo baharini. Neno tulilolipa nukta kwenye karatasi ya grafu lilikwishajua bahari.

Mchango wetu unasemaje kwenye karatasi hiyo? Weka watu kwenye mhimili wa ulalo na bei kwenye mhimili wa wima. Sharti la kwanza ni mstari y = 8x − 3; la pili ni y = 7x + 4. Mteremko wa mstari ni mchango wa mtu mmoja: kila mtu akiongezeka, mstari wa kwanza unapanda 8 na wa pili 7. Pale x ilipo sifuri, mmoja uko hasi 3 na mwingine uko 4, umbali wa 7 kati yao. Kila hatua moja kulia inaupunguza umbali huo kwa 1. Baada ya hatua saba mistari inakutana kwenye nukta (7, 53). Saba ya Liu Hui na saba ya al-Khwarizmi ni saba hiihii. Tofauti ni kwamba sasa x imeacha kuwa namba moja iliyojificha. Imekuwa kila idadi ya watu inayowezekana, na jibu ni pale masharti mawili yanapokubaliana. Mchirizo wa y = x² + 10x − 39 nao unakata mhimili wa x mara mbili, kwenye 3 na kwenye hasi 13. Lile deni ambalo mraba haukuweza kulionyesha, mchirizo unalionyesha kwa macho.

Nikiulizwa njia ipi ni bora, nasema herufi zina nguvu kuliko zote, kwa sababu hazijali kama unahesabu watu, nafaka au ardhi. Lakini nguvu hiyo ni ya mtu aliyewahi kuvishika vile vilivyoachwa nyuma. Shule inampa mtoto herufi kwanza, na vitu haimpi kamwe. Katika shule za umma za Tanzania Bara mzigo huo unakuwa maradufu, kwa kuwa mtoto aliyejifunza hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia sekondari na kuikuta milinganyo kwa Kiingereza. Anapaswa kujifunza lugha ya herufi kupitia lugha nyingine asiyoimudu, huku mali, sawa na sifuri ziko mdomoni mwake tangu utotoni. Sidai kwamba Kiingereza kiondolewe usiku mmoja. Nadai kwamba kabla ya x kuandikwa ubaoni, mwalimu aruhusiwe na ahimizwe kusema, kwa lugha ambayo darasa zima linaisikia, x hiyo ni nini.

Jioni ile mpwa wangu alichora mistari yake miwili. Mteremko wa 8 na wa 7 hukaribiana mno, na penseli yake ilikuwa butu, kwa hiyo alisema, "Mjomba, zinakutana hapahapa, lakini sijui ni sita au saba au nane." Nikamwambia huo ndio udhaifu wa mchoro, unakufikisha kijijini ila haukuonyeshi mlango. Akarudi kwenye mlinganyo, akaunga kasoro, akaondoa vilivyofanana, akapata 7. Kisha, bila kuambiwa, akahakiki kama mweka hazina: saba mara nane 56, toa tatu 53, saba mara saba 49, ongeza nne 53.

Alipoanza kulinakili jibu kwenye daftari safi, alisita kwenye mstari wa kwanza. Shuleni lazima aandike kwa Kiingereza, naye aliandika. Lakini kwanza alilisema kwa sauti, polepole, akijiambia mwenyewe: "X ni watu."